Koti la Shambani

Mwezi wa sita, Kikondo. Sakitu bado nyeupe
juu ya majani ya viazi
jembe la mama likanasa.
Si mzizi. Si jiwe.
Mkono wa koti.

Tuliuvuta kama mtu anayeokolewa shimoni.
Udongo ukaachia kola, ukaachia mfuko,
ukaachia zipu,
na zipu ile ikapanda, ikashuka,
kama iliyotiwa mafuta jana.
Ndani ya mkono kiazi kilikuwa kimeota,
chembamba, kimejibana,
kimekua kwa kufuata mshono.

Bibi Subilaga alilijua kwa rangi.
"La Ambilikile hilo. Nililifukia mwenyewe
mwaka wa mvua ya mawe.
Bega lilichanika, nikasema ardhi italila."

Ardhi haikulila.
Miaka kumi na tisa imekula maganda na majivu,
imekula samadi, imekula mbwa wetu Tosha,
imemla na Ambilikile mwenyewe, kule juu kwenye misindano,
taratibu, kwa adabu,
lakini koti la nailoni imeliweka mdomoni tu,
kama mtoto anayeficha kidonge shavuni.

Mfukoni, shilingi hamsini.
Haikununui hata kiberiti siku hizi.
Koti lenyewe, joto lake
halijashuka bei.

Nimefika Mwanjelwa, nimeona marobota yakipasuliwa asubuhi,
"Mia tano, mia tano, inama uchague!"
na jioni yale ambayo hakuna aliyeyainamia
yakilala mtaroni kungoja mvua,
iyapeleke kwa watu wa bondeni
ambao hawakumkosea mtu.
Au yanachomwa, na moshi wake
unakaba koo hadi usiku wa manane.
Sikuwaza kitu. Nilinunua soksi nikapanda gari.

Mama si mtu wa semina.
Alilifua kwenye beseni mara tatu,
maji akayamwaga mbali na kijito,
akalipeleka kwa Fundi Mwangoka.
Bega likapata kiraka cha sketi ya shule
ya Tumpe, aliyemaliza la saba.
Bluu juu ya nyekundu.
Bibi akaligeuza-geuza, akacheka peke yake:
"Usiposhona bega, utalima koti."

Naungama, niliona aibu.
Darasani Gwakisa alinipokea:
"Jamani, huyu kavaa kaburi!"
Nikalikunja, nikalikalia, nikatetemeka
mpaka saa nne.
Jumatatu iliyofuata ukungu uliteremka kutoka Kitulo,
na huyo huyo Gwakisa, midomo ya kijivu, akaninong'oneza:
"Niazime. Mpaka mapumziko tu."

Tangu hapo koti lina ratiba kuliko mwenyekiti.
Alfajiri linapeleka maziwa na Lugano,
mchana liko shuleni,
usiku linalinda viazi nguruwe wasifukue.
Na watu wakaanza kufungua masanduku.
Jumapili ya mwisho wa mwezi, nje ya godauni la pareto,
kamba inafungwa nguzo hadi nguzo:
sweta lililombana Ipyana
linamngoja mdogo wake asiye wa tumbo moja;
gauni la harusi ya Mama Atuganile
limekwisha kuoa mara tatu;
na suruali moja, ndefu ajabu,
kila mwezi inakuja, kila mwezi inarudi,
haijazaliwa bado miguu yake.

Sisemi tumeuponya mlima.
Nasema msimu huu jembe limepita pale
halikunasa.

Fundi anasema siku likichoka kabisa
atalikata: mikono iwe mifuko ya mbegu,
mgongo uzibe dirisha la jiko la Bibi.
Zipu ameshaiomba, iwe yake.
Ya nini?
Hajasema. Ameipandisha,
akaishusha,
akatabasamu.